Kubuni, kuunda, kutengeneza au kurekebisha? Vitenzi na istilahi za magari ya michezo ya uendeshaji

Muhtasari

Kitenzi *kutengeneza* kina maana mbili ambazo katika mazungumzo ya kila siku huishi pamoja bila ugomvi: kufanya kitu ambacho hakikuwapo, na kurudisha katika hali nzuri kitu kilichoharibika. Mtu anayesema mjini Katesh kwamba fundi anatengeneza basi haulizwi zaidi, kwa kuwa wasikilizaji wanaliona basi limeinuliwa kwa jeki na tairi moja limevuliwa. Utata huanza basi linapokuwa ndani ya simu au kompyuta. Hapo sentensi «Nimetengeneza basi la Katesh» yaweza kumaanisha kwamba msemaji amelichonga umbo lote tangu mwanzo, au amepaka rangi umbo la mtu mwingine, au ameondoa tu hitilafu ya taa. Kazi hizo tatu hazilingani, na mwenye umbo ana haki ya kujua ni ipi iliyofanyika.

Makala haya yanatofautisha vitenzi vinavyotumika kueleza kazi ya kubuni na kubadili magari ya michezo ya uendeshaji, yanapendekeza nomino zinazofaa, na yanaonyesha makosa yanayojitokeza zaidi katika tafsiri na insha.

Muktadha wa matumizi

Michezo ya uendeshaji inayomruhusu mchezaji kuingiza magari yake ni mingi. *Euro Truck Simulator 2*, wa kampuni ya SCS Software ya Prague, ulitoka mwaka 2012. *Bus Simulator Indonesia*, wa kampuni ya Maleo ya Indonesia, ulitoka mwaka 2017. Huchezwa kwenye simu, na humwezesha mchezaji kuchora mwenyewe rangi za basi na kuingiza magari yaliyoundwa na wengine. Kwa njia hiyo mabasi yenye rangi na maandishi ya Tanzania na Kenya yameingia katika mchezo uliobuniwa kwa barabara za Java. *BeamNG.drive*, wa kampuni ya Ujerumani, hujulikana kwa jinsi magari yake yanavyopinda na kubonyea yanapogonga. *Farming Simulator*, wa GIANTS Software ya Uswisi, ulioanza mwaka 2008, ni wa matrekta na mashine za shambani.

Mifano mingi hapa chini imewekwa katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wingi wa aina za magari. Barabara ya lami ya Babati–Katesh–Singida, inayopita chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya meta 3,400, hupitisha mabasi ya masafa marefu na malori ya trela. Barabara inayopanda kutoka bonde la Ziwa Manyara kupitia Magara hadi Mbulu humdai dereva gia nzito na breki za kuaminika. Fuso hubeba kitunguu saumu cha Mbulu na mifugo ya minadani. Na mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yaliyoendeshwa na shirika la NAFCO kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, yalizoesha wenyeji maneno *kombaini*, *haro* na *trela* kabla mchezo wowote wa kompyuta haujayahitaji.

Sababu ya pili ni ya kiisimu. Wilaya hizi zina wasemaji wa Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, wa Kidatooga, ambacho ni cha Kinailoti, na wa Kinyaturu na Kinyiramba, ambazo ni lugha za Kibantu. Kiswahili ni lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na Kiingereza huchukua nafasi hiyo sekondari. Kijana anayefungua mchezo wa mabasi hukuta menyu kwa Kiingereza au Kiindonesia, huzungumza na wenzake kwa Kiswahili, na nyumbani huenda akamweleza bibi yake kwa lugha nyingine. Katika safari hiyo, Kiswahili ndicho kinachobeba maelezo ya kazi. Kikiyumba hapo, maelezo yote yatayumba.

Vitenzi

1. Kubuni

Maana: kufikiri na kuamua kitu kiwe na sura gani na kifanye kazi vipi, kabla au bila ya kukifanya. Kazi ya kubuni yaweza kuishia kwenye karatasi.

*Alibuni basi dogo lenye milango miwili upande wa kushoto, lakini hakuwahi kuliunda.*

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, *-a kubuni* humaanisha «isiyo ya kweli», kama katika *hadithi ya kubuni*. Kwa hiyo *gari la kubuni* ni gari ambalo halipo duniani, wakati *gari lililobuniwa na mwanafunzi* ni gari lenye mbunifu anayejulikana. Gari la mchezo laweza kuwa yote mawili, lakini sentensi ichague moja. Pili, nomino *mbuni* inashirikiana sura na jina la ndege na la mti wa kahawa. Muktadha huondoa utata mara nyingi. Hata hivyo, katika vichwa vya habari na katika fomu za majina, *mbunifu* ni salama zaidi.

2. Kuunda

Maana: kujenga kitu kwa kuunga sehemu zake mpaka kiwe kimoja na kiweze kufanya kazi. Pwani, kitenzi hiki kina uhusiano wa zamani na vyombo vya baharini: jahazi huundwa, mashua huundwa. Methali *Ukiona vyaelea, vimeundwa* imesimama juu ya maana hiyo. Kiambishi *vi-* ndani yake kinarejelea vyombo, na ujumbe wake ni kwamba nyuma ya kila kinachoelea pana mikono iliyokiunda.

Kutokana na kitenzi hiki hupatikana *muundo*, *uundaji*, na pia *kiunzi*, yaani mifupa ya chombo au ya nyumba kabla haijavikwa mbao au udongo. Wapenzi wa riadha wanalijua neno hilo kwa wingi wake, *viunzi*, katika mbio za kuruka vizuizi. Kwa gari la mchezo, *kiunzi* ni neno lililo tayari kwa mifupa inayobeba umbo. Anayelitumia hahitaji kukopa *fremu* isipokuwa anataka kufuata lugha ya gereji.

Kuunda ndicho kitenzi cha anayechonga umbo la gari kwenye programu tangu mwanzo, akapachika magurudumu, milango na viti. Ndicho pia kitenzi cha historia ya magari ya Afrika Mashariki. Shirika la Nyumbu la Kibaha liliunda lori lililoitwa kwa jina hilohilo la mnyama. Kenya iliunda gari la Nyayo Pioneer, lililoonyeshwa hadharani mwaka 1990. Na Chuo Kikuu cha Makerere kiliunda gari la umeme la Kiira EV, lililoendeshwa mara ya kwanza mwaka 2011.

Kisichanganywe na *kuunganisha*, ambacho katika viwanda vya magari ni kufunga pamoja sehemu zilizoletwa zikiwa zimekamilika. Anayechukua bodi ya basi kutoka faili moja, magurudumu kutoka faili la pili na usukani kutoka la tatu *ameunganisha*. Kazi hiyo ina ujuzi wake, na haihitaji kuazima jina la kazi nyingine ili iheshimiwe.

3. Kutengeneza

Kitenzi hiki kina nasaba na *kutengenea*, «kuwa katika hali nzuri». Maana ya msingi, kwa hiyo, ni kukiweka kitu katika mpangilio unaofaa, na ndiyo maana kinafaa kwa kitu kipya na kwa kitu kibovu. Mtu hutengeneza chai, hutengeneza redio, hutengeneza njia.

Katika mazungumzo hakuna haja ya kukikwepa. Katika maelezo ya kiufundi, katika mikataba, na popote jina la mwenye kazi linapotajwa, kiwekwe pembeni na nafasi yake ichukuliwe na kitenzi mahususi.

*Hafifu:* Basi hili limetengenezwa na vijana wawili wa Haydom.

*Bora:* Basi hili limeundwa na kijana mmoja wa Haydom na kuchorwa na mwenzake.

4. Kurekebisha

Maana: kusahihisha au kusawazisha kitu ili kiende inavyotakiwa. Kitenzi hiki hubeba dokezo kwamba kitu kilikuwa na kasoro, au hakikufaa mahali pake. Kinafaa sana kwa mwenendo wa gari: uzito, breki, uwiano wa gia, ugumu wa springi.

*Lori liliteleza kila liliposhuka mteremko wa Magara, hivyo akarekebisha nguvu ya breki za nyuma.*

Hakifai pale ambapo gari halikuwa na kasoro, na mchezaji amelibadili kwa kupenda tu. Kusema *amerekebisha basi la fulani* ni kudokeza kwamba fulani alikosea.

5. Kubadili, kubadilisha, kugeuza

Kiswahili sanifu kinapotumiwa kwa uangalifu, *kubadili* ni kukifanya kitu kiwe tofauti na kilivyokuwa, na *kubadilisha* huelekea zaidi kutoa kimoja na kuweka kingine, kama *kubadilisha tairi*. Mpaka huu hauzingatiwi na wasemaji wote, lakini mfasiri anaweza kuutumia kwa faida. *Kugeuza* ni kubadili kwa kina hadi kitu kipate jina jingine: *amegeuza Fuso kuwa basi la abiria*.

Kwa maana ya jumla ya kubadili magari ya mchezo, *kubadili* ndicho kitenzi kisichoegemea upande wowote. Hakisifu wala hakilaumu.

6. Kuchora, kupaka, kupamba

Vitenzi hivi ni vya sura ya nje. Anayepaka huweka rangi. Anayechora huweka alama, maandishi na picha. Anayepamba huongeza vitu vya urembo kama taa za rangi na mapazia. Kazi hii isidharauliwe. Maandishi ya kwenye vyombo vya usafiri, kuanzia jina la basi hadi msemo wa nyuma ya daladala, ni tanzu ya fasihi simulizi na andishi inayosomwa vyuoni. Anayeyahamishia mchezoni kwa usahihi anahifadhi kumbukumbu ambayo basi lenyewe, likishapakwa rangi upya, halitakuwa nayo.

7. Kunakili, kuhamisha

*Kuhamisha* ni kutoa gari katika mchezo mmoja na kuliingiza katika mwingine, kwa kazi yote ya kulifanya likubalike huko. *Kunakili* ni kurudufu bila kuongeza kitu. Kilichonakiliwa kikiitwa «kilichoundwa», huo si ukosefu wa msamiati tena.

Kauli za kitenzi na swali la nani alifanya

Mnyambuliko wa Kiswahili unatoa njia za wazi za kumtaja au kumficha mtenda, na mwandishi azijue.

*Kauli ya kutendwa* huacha nafasi ya mtenda baada ya *na*: *Umbo limeundwa na Fulani.* Hii ndiyo kauli ya kupendelea katika maelezo yanayoambatana na faili.

*Kauli ya kutendeka* humwondoa mtenda kabisa. *Basi limebadilika* huonyesha hali, kana kwamba basi limejibadili lenyewe. *Basi limebadilishwa* humfanya msomaji aulize: na nani? Anayeandika «limebadilika» mahali pa «limebadilishwa» huenda hana nia mbaya, lakini sentensi yake imemfuta mtu.

*Kauli ya kutendesha* husaidia kazi inapoagizwa. Kama vile *nimeshona suruali* na *nimeshonesha suruali* si kauli moja, ndivyo *nimechora basi* na *nimechoresha basi* zinavyotofautiana. Wa pili ametoa oda, na pengine pesa; mkono uliochora ni wa mwingine.

*Kauli ya kutendea* humtaja anayefaidika: *Amemchorea mdogo wake basi la Arusha–Mbulu.*

Nomino

Mchezo wa uendeshaji. Tafsiri ya mkupuo, *mchezo wa kuigiza uendeshaji*, ina tatizo: *mchezo wa kuigiza* ni jina lililokwisha kukaa kwa tamthilia ya jukwaani, na msomaji atatazamia waigizaji na pazia. Panapohitajika kusisitiza kwamba mchezo unaiga hali halisi, *mchezo wa uigaji wa uendeshaji* unafaa. Kwa matumizi ya kawaida, *mchezo wa uendeshaji* unatosha. *Gemu* ni neno la mazungumzo, na linakubalika katika maandishi yanayonukuu usemi.

Modi. Ni mkopo kutoka Kiingereza, mkato wa neno lenye maana ya badiliko. Limeenea miongoni mwa wachezaji, na huchukua upatanisho wa ngeli ya I/ZI: *modi hii imekubali, modi hizi zimekataa*. Mfasiri ajihadhari, kwa sababu neno lenye sura hiyohiyo hutumika katika simu na kamera kwa maana ya hali ya utendaji, kama *modi ya usiku*. Katika maandishi rasmi, *gari la nyongeza* au *faili la nyongeza* hueleweka hata kwa asiyecheza.

Bodi. Katika gereji, bodi ni umbo la nje la gari lililokaa juu ya chesesi. Fundi *hunyoosha bodi* iliyobonyea. Neno hilohilo lina maana ya chombo cha uongozi, kama *bodi ya shule*. Katika aya yenye maana zote mbili, iandikwe *bodi ya gari*.

Chesesi (pia *chasisi*). Ni sehemu ya chini inayobeba injini, ekseli na bodi. Isiitwe *kiunzi* pale ambapo bodi nayo ina kiunzi chake, maana msomaji hatajua ni mifupa ipi.

Sura ya bodi, rangi za kampuni. Wachezaji wengi husema *ngozi*, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Katika Kiswahili cha magari, ngozi ni kitu cha viti: *basi lenye ngozi mpya* litamfanya abiria afikirie viti vilivyopigwa ngozi. *Rangi za kampuni* ni maneno ya kawaida kwa muonekano wa basi la kampuni fulani, na *mchoro wa bodi* unafaa kwa faili lenyewe la picha. Kwa kumfafanulia mwanafunzi, mfano wa fundi cherehani unasaidia. Picha hiyo huwa bapa, vipande vya ubavu, mbele, nyuma na paa vikiwa vimetandazwa kama vitambaa vilivyokatwa kabla ya kushonwa. Herufi inayokaa kwenye mshono wa vipande viwili itakatika basi likishavikwa.

Kifundo na boriti. Katika *BeamNG.drive*, chini ya umbo linaloonekana pana mtandao wa nukta zenye uzito, zilizounganishwa kwa mistari yenye ugumu na kikomo cha kuvumilia. Gari likigonga, mistari hufinywa, hunyooka au hukatika, na umbo hufuata. Kwa nukta, *kifundo* kinatosheleza: ni mahali vitu vinapofungana. Kwa mstari, *boriti* ni chaguo lenye mizizi. Boriti za mikoko za Rufiji na Lamu zilijenga nyumba za pwani na kusafirishwa hadi Uarabuni, na hata msomaji wa Dongobesh aliye mbali na bahari anajua kwamba boriti ni mti unaobeba uzito. *Mhimili* nao unafaa, lakini una maana nyingi za kitamathali, kama *mihimili ya dola*, na katika sayansi hutumika kwa mstari ambao kitu huuzunguka. Sentensi ya mfano: *Aliongeza boriti mbili kati ya vifundo vya mlango, na bodi ikaacha kutikisika.*

Shokomzoba (pia *shokapu*), springi, difu, gia, usukani. Haya yote ni ya gereji, na hayahitaji kutafsiriwa upya. *Usukani* una safari ndefu kuliko mengine: limetoka Kiarabu, lilikuwa la vyombo vya majini kabla ya kuhamia kwenye gari, na bado latumika kwa yote mawili.

Daladala, matatu, Fuso, kosta. Majina ya aina za usafiri hubeba nchi na bei zake. *Matatu* linahusishwa na nauli ya sarafu tatu za senti kumi, na *daladala* na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Mfasiri asibadilishane majina haya kwa kudhani ni visawe: gari la mchezo lililochorwa kama matatu ya Nairobi halitakuwa daladala kwa kuvuka mpaka wa lugha. *Fuso* na *kosta* yalianza kama majina ya kibiashara na sasa hutumika kama nomino za kawaida za aina ya lori na aina ya basi dogo. Yanapotumika hivyo, *kosta* huandikwa kwa herufi ndogo, na *Fuso* huonekana kwa namna zote mbili.

Upatanisho wa kisarufi

*Gari*, *basi* na *lori* ziko katika ngeli ya LI/YA: *gari limeundwa, magari yameundwa, basi langu, mabasi yangu*. Katika mazungumzo ya bara na ya Kenya husikika sana *gari yangu imeharibika*. Mwalimu alieleze hilo kuwa ni la usemi, na asilikubali katika insha.

*Bodi, chesesi, injini, honi, gia* na *modi* hufuata I/ZI. *Tairi* na *trekta* husikika katika ngeli zote mbili. Muhimu ni mwandishi achague moja na aishikilie. *Usukani* una umoja wa U-: *usukani wake umelegea*.

Kosa linalojirudia ni upatanisho kuvutwa na nomino iliyo karibu. Katika *Bodi ya basi limepakwa rangi*, kitenzi kimefuata *basi*, ilhali kinachopakwa ni bodi: *Bodi ya basi imepakwa rangi*. Katika maelezo ya kazi iliyofanywa na watu wengi, kosa hili dogo hubadilisha kitu kilichofanyiwa kazi.

Mfano wa matumizi: basi la Katesh

Mfano huu ni wa kufikirika, ila hali yake ni ya kawaida. Mchezaji wa kwanza, aliyeko Indonesia, ameunda umbo la basi na kulitoa bure kwa sharti la kutajwa. Wa pili, mwanafunzi wa Katesh, amelichora rangi za basi analoliona stendi kila alfajiri, na kuandika «Arusha – Babati – Katesh» kwenye kioo cha mbele. Wa tatu, aliyeko Mbulu, amerekodi honi na kupunguza ulaini wa springi ili basi lisiyumbe kwenye kona. Wa nne amelipakua, akalisambaza kwa wenzake, na kuandika: «Nimetengeneza basi la Katesh, furahieni.»

Kisarufi, sentensi ya wa nne haina kosa. Kwa kutumia uwili wa *kutengeneza*, anaweza hata kujitetea kwamba alibadilisha jina la faili ili lifunguke. Lakini wasomaji wataelewa kwamba kaliunda yeye. Mwanafunzi wa Katesh, aliyekesha akipanga herufi zisikatike kwenye mshono, hatapata swali wala shukrani. Na wa Indonesia, ambaye hajui Kiswahili, hataweza hata kulalamika.

Maelezo yaliyoandikwa kwa vitenzi mahususi yangekuwa haya:

*Umbo la basi limeundwa na wa kwanza. Rangi na maandishi vimechorwa na wa pili. Honi imerekodiwa na springi zimerekebishwa na wa tatu. Faili limesambazwa na wa nne.*

Vitenzi vitano, watu wanne, na hakuna aliyepunjwa. Hata wa nne ana kitenzi chake halali: kusambaza ni kazi, na bila yeye basi lisingefika kwa wengi.

Makosa ya kawaida na masahihisho

– *Gari la kubuni la mwanafunzi wetu limeshinda.* Iwe: *Gari lililobuniwa na mwanafunzi wetu limeshinda.*

– *Amerekebisha basi kwa kulipaka rangi ya bluu.* Iwe: *Amelibadili basi kwa kulipaka rangi ya bluu.* Rangi ya awali haikuwa kosa.

– *Basi limebadilika na wachezaji.* Iwe: *Basi limebadilishwa na wachezaji.* Kauli ya kutendeka haimpokei mtenda.

– *Nimechora basi hili kwa fundi wa Babati.* Iwe: *Nimechoresha basi hili kwa fundi wa Babati.*

– *Basi lina ngozi ya kampuni.* Iwe: *Basi lina rangi za kampuni.*

– *Mchezo wa kuigiza wa malori.* Iwe: *Mchezo wa uendeshaji wa malori.*

Kwa mwalimu na mfasiri

Mwalimu anaweza kulifanya somo hili zoezi la mnyambuliko. Wanafunzi wapewe sentensi «Nimetengeneza lori la kitunguu saumu» na waiandike upya kwa njia tano, kila moja ikionyesha kazi tofauti: kubuni, kuunda, kuunganisha, kuchora, kurekebisha. Kisha waulizwe ni sentensi ipi ingemridhisha mwenye umbo la awali, na kwa nini.

Mfasiri wa menyu na maelezo ya michezo aanzie gerejini kabla ya kuanzia kwenye kamusi ya lugha chanzi. Fundi wa Katesh au Haydom ana majina ya karibu kila sehemu ya gari inayoonekana kwenye skrini. Pale gereji inaponyamaza, kama kwa vifundo na boriti, maneno ya ujenzi wa nyumba na wa vyombo vya baharini yana akiba kubwa. Mkopo mpya uwe wa mwisho. Na popote maelezo yanapotaja kazi ya mtu, kitenzi kiandikwe katika kauli ya kutendwa, na baada ya *na* liwekwe jina.